Laigwanani amealikwa Ujerumani: kipi cha mila akionyeshe, na kipi kibaki nyumbani?

Mwana wa Longido aliuliza:

Wakubwa wangu shikamoni, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulishughulikia jambo hili au kulishuhudia kwa karibu.

Baba yangu mdogo ni laigwanani, yaani kiongozi na msemaji, wa rika la Makaa katika eneo letu. Usharika wetu una uhusiano wa miaka mingi na usharika mmoja wa Ujerumani, na sasa wenzetu wa huko wamemwalika akae nao majuma matatu mwezi wa Septemba ili awaeleze watu wao mila za Kimaasai. Atazungumza katika shule mbili, kanisani, na katika jumba moja la makumbusho lenye vitu vya Kimaasai vilivyochukuliwa enzi za utawala wa Wajerumani. Mimi nitafuatana naye kama mkalimani, kwa kuwa yeye anazungumza Kimaa na Kiswahili, nami nimewaongoza watalii wa Kijerumani kwa miaka sita.

Ratiba ilitufikia juma lililopita, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Siku ya pili imeandikwa kwamba kutakuwa na sherehe ya kuwatawaza wamorani jukwaani, ambapo baba mdogo atawanyoa nywele kidogo vijana watakaojitolea, atawavika shuka, atawakabidhi rungu, nao wataitwa wamorani wa heshima. Walioandaa hawana nia mbaya hata kidogo. Hawajui tu kwamba katika Eunoto, ibada ya kuwanyoa wamorani, mama ndiye anayemnyoa mwanawe, akiwa ameketi juu ya ngozi, na kwamba jambo hilo hufanyika mara moja katika maisha ya rika, mahali palipochaguliwa, mbele ya wazee wa olpiron ambao ndio walezi wa rika hilo. Nilipomsomea baba mdogo ratiba hiyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jambo moja tu: «Hao vijana ni wa rika gani, na olpiron wao ni nani?» Sikuwa na la kumjibu.

Yeye mwenyewe anataka kwenda. Anasema watu hao walituletea mafundisho yao kwa zaidi ya miaka mia moja, na ni haki wasikie nasi tunaishije. Sitaki kuwavunja moyo wenyeji wetu, wala sitaki mzee wangu asimamishwe jukwaani kama pambo. Tufanyeje?

Mkalimani wa Arusha alijibu:

Ndugu yangu, swali aliloliuliza mzee ndilo jibu lako la kwanza. Ningekushauri uwaandikie wenyeji wenu leo hii, ulitafsiri neno kwa neno, uwaeleze rika ni nini na olpiron ni nani, kisha uwaombe waiondoe sehemu hiyo. Usisubiri mpaka mfike. Nayasema haya kwa uchungu, maana nimewahi kusubiri.

Nimefuatana na wazee wetu Ulaya mara tatu. Katika safari ya kwanza nilisoma katika ratiba kwamba wimbo wa adumu, ule wa kuruka, utasindikizwa na ngoma, nikanyamaza kwa kudhani ni jambo dogo. Kama unavyojua, uimbaji wetu hauna ngoma: olaranyani, kiongozi wa wimbo, huanzisha, wenzake humpokea kwa sauti nzito za kooni, na katika Eunoto husikika pembe ya tandala. Tulipofika jukwaani wapiga ngoma wa mji ule wakaanza, wazee wakajaribu kuimba, wakapotezana, wakaacha katikati ya wimbo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliolipa kiingilio. Ilinilazimu nisimame nieleze kwa nini wazee wamenyamaza, na kila neno nililolisema pale nilipaswa kuwa nimelisema kwa barua miezi miwili kabla.

Tangu siku hiyo huwa ninakaa na mzee kabla ya safari, tunapitia pamoja mambo anayoyabeba yeye mwenyewe kokote aendako na mambo ambayo hayaondoki mahali pake. Salamu, vitendawili, masimulizi, majina ya ng'ombe kwa rangi na mabaka yao, namna wazee wanavyokaa chini ya mti kumaliza ugomvi wa malisho mpaka kila upande uridhike, hayo yote yamo ndani yake na anaweza kuyasema popote. Enkipaata ya kuwaingiza wavulana katika rika, Eunoto, na Olng'esherr ya kuwaingiza wamorani katika uzee, hazisafiri. Ukitaka wenyeji wakuelewe upesi, waambie kwamba mwaka 2018 UNESCO iliziingiza ibada hizo tatu, kwa maombi ya Kenya, katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nimeona waandaaji wakibadilika mara moja baada ya kulisikia hilo, kwa sababu hakuna anayependa kuigiza jukwaani kitu ambacho ulimwengu umekubaliana kwamba kiko hatarini.

Nikueleze lililofaulu kuliko yote. Tulikuwa katika shule ya watoto wa miaka kama kumi, asubuhi ya baridi kali, na mzee akatoa mfukoni kibuyu kidogo cha maziwa. Kilikuwa kitupu, kwa kuwa abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia na maziwa wala nyama. Mkewe alikuwa amekisafisha kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa mwituni, kama anavyofanya nyumbani siku zote. Alikifungua kifuniko, akampa mtoto wa kwanza anuse, kibuyu kikazunguka darasa zima. Zoezi hilo lilichukua karibu nusu ya kipindi na hakuna aliyepiga kelele. Msichana mmoja akasema harufu ile ni ya nyumbani kwa babu yake, kwenye chumba anachokaushia nyama kwa moshi. Mzee akamuuliza babu huyo anaishi na nani. Akajibu kwamba anaishi peke yake, na kuanzia hapo hadi kengele ikalia watoto na mzee walizungumza juu ya nani anamtunza nani katika uzee. Mimi nilitafsiri tu.

Jambo jingine la shuleni ambalo usilisahau ni salamu ya kichwa. Mtoto wa kwetu huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa kwa kiganja. Shule nyingi za huko hazimruhusu mgeni kumgusa mtoto bila makubaliano ya awali. Andika mapema, mwalimu awaeleze watoto na wazazi, na anayetaka ajitokeze mwenyewe. Usiache likatokea papo hapo mwalimu akamvuta mtoto nyuma, kwa maana mzee ataelewa kwamba baraka yake imekataliwa.

Kuhusu mizigo, sime, rungu na mkuki viingie katika mizigo inayokaguliwa, visikaribie mlango wa ndege. Manyoya ya simba na ngozi mbichi muache nyumbani, kwa sababu mambo ya vibali yatawatesa. Na malipo ya mzee yaandikwe kabla ya tiketi kukatwa, ikielezwa kipi ni chake na kipi ni cha jamii.

Mkazi wa Transmara alijibu:

Nawasalimu kutoka upande wa Kenya. Naongeza jambo moja lililotokea kwetu, kwa kuwa linahusu namna ya kushirikisha mila na watu wa mbali.

Kimeli Naiyomah, kijana wa Enoosaen aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi nyumbani mwaka 2002 aliwasimulia wazee aliyoyaona, na wengi wao walikuwa hawajapata picha kamili ya msiba ule. Yeye alitaka kumtoa ng'ombe wake. Wengine wakaongeza, wakafika ng'ombe 14, wakawatoa kuwafariji watu wa Marekani, kwa kuwa kwetu aliyefiwa hupewa kitu chenye uhai. Mwezi wa Juni mwaka huo mwakilishi wa ubalozi wa Marekani alisafiri kutoka Nairobi akaja kuwapokea, wazee wakawabariki ng'ombe mbele yake. Ng'ombe hawakupakiwa ndege. Walibaki Enoosaen chini ya uangalizi wa wazee na wakazaana.

Ninalokuonyesha, ndugu wa Longido, ni kwamba wazee hawakubadilisha lolote katika desturi ili mgeni aielewe. Walifanya kama wanavyofanya siku zote na mgeni akaja akasimama nyasini pamoja nao. Baba yako mdogo anaweza kuwaambia wenyeji wake kwamba anayetaka kuiona Eunoto na aje wakati wake ukifika, aombe ruhusa kwa wazee, akae siku zinazohitajika. Huo ni mwaliko wa heshima kuliko kunyolewa jukwaani.

Mama wa Shanga, Monduli, alijibu:

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili na sikuona mwanamke hata mmoja katika msafara wenu. Mtakwenda kueleza maisha ya boma bila mtu aliyejenga nyumba? Nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke, maziwa hukamuliwa na mwanamke, shanga hutungwa na mwanamke, na yule anayemnyoa morani, kama ulivyosema mwenyewe, ni mama. Omba nafasi ya tatu. Ikiwa fedha ni chache, ni heri mzee akae majuma mawili na mama mmoja aende naye, kuliko akae matatu akiulizwa mambo asiyoyafanya kwa mikono yake.

Nina miaka zaidi ya ishirini na mitano ninatunga na kuuza, na wageni wengi huniomba niwape maana ya kila rangi: nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani. Siyo uongo, huwa tunasema hivyo, lakini ukiishia hapo hujawaeleza kazi yenyewe. Mwanamke wa Kisongo huitambua kazi ya Kisongo, akaitofautisha na ya makundi mengine ya Wamaasai, kama ya Kipurko au ya Kiloita, kwa mpangilio wa rangi na kwa mahali rangi inapokatwa. Ninapotunga shada la shingoni huanza na waya, naweka vile vijiti vya kutenganisha mistari, ambavyo zamani vilikuwa vya ngozi na leo tunavikata kwenye dumu la plastiki, kisha napanga. Mama yangu akiona nimeunganisha rangi mbili nzito pasipo kuzikata kwa nyeupe, alinifumulisha yote hata kama nimefika mwisho. Nilikuwa msichana mdogo, nililia, lakini leo vidole vyangu vinakataa vyenyewe. Mwanamke akipewa meza, uzi na shanga mbele ya wanafunzi wale, atawafundisha kwa saa moja mambo ambayo hotuba haiwezi.

Na mseme wazi kwamba shanga hizi za kioo zilitufikia kwa biashara ya pwani, kutoka Venisi na Bohemia, na hadi leo nzuri zaidi hutoka Ucheki. Hakuna aibu ndani yake. Mpangilio ndio wetu.

Mwisho, mtaulizwa juu ya kukeketa wasichana. Mtaulizwa kila mahali, na mara nyingi mbele ya watoto. Sheria ya Tanzania imelikataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na Kenya ina sheria yake kamili ya mwaka 2011. Mzee asiseme kwamba limekwisha, maana halijaisha, na asilitetee kwa jina la mila. Aseme anachokifanya yeye katika boma lake, kisha mama aliye pamoja naye aendelee. Mimi nimesimama mara kadhaa mbele ya wazee wa kwetu nikasema binti zangu hawatapita huko, na wapo malaigwanani walionisikiliza. Hilo pia ni sehemu ya maisha yetu na wageni wanastahili kulisikia kutoka kwetu wenyewe.

Mwana wa Longido aliandika tena:

Mama, shikamoo, na ahsanteni nyote. Niliandika barua jana usiku kama nilivyoshauriwa, na wenyeji wamejibu kwa upole sana. Sehemu ya kutawaza imeondolewa, na wanatafuta tiketi ya tatu.

Limejitokeza jingine. Jumba la makumbusho lingependa baba mdogo abariki maonyesho yao mapya, na wametutumia picha za vitu vitakavyowekwa. Katika picha ya nne kuna bangili. Baba mdogo alipoiona aliiweka simu chini, akatoka nje, na tangu hapo hataki kuizungumzia. Nadhani ni orkatar. Naomba mwenye kujua mambo haya anieleze la kufanya.

Mwalimu Mstaafu, Karatu, alijibu:

Kijana wangu, umefika mahali penye uzito, nami nitajitahidi kueleza kwa utaratibu.

Orkatar hupokelewa na mwana wa kwanza baba yake anapofariki. Haiuzwi, haitolewi zawadi, wala haiazimwi. Kwa hiyo mzee akiiona katika kabati la ng'ambo swali linalomjia ni namna ilivyotoka katika mkono wa mwenyewe, na majibu yanayowezekana si mengi. Usimlazimishe kuzungumza.

Mfano wa karibu ni ule wa Oxford, Uingereza. Mwaka 2017 Samwel Nangiria wa Loliondo alitembelea jumba la makumbusho la Pitt Rivers, akaona vitu vya Kimaasai vyenye maelezo yasiyo sahihi, na miongoni mwake vitu vitakatifu ambavyo havikupaswa kuwapo pale kabisa. Aliuliza. Jumba lile likakubali kusikiliza, na ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ukaenda mwaka 2018, ukaenda tena mwaka 2020. Walivipitia vitu kimoja baada ya kingine, wakasahihisha maelezo, na wakavitaja vitano kuwa ni vya kutazamwa kwa namna ya pekee, orkatar ikiwamo. Lemaron ole Parit, ambaye ni oloiboni, yaani mwaguzi wa Kimaasai, alitumia enkidong, kibuyu cha kuagulia, kutafuta vilitoka kwa nani na kwa njia gani. Mwaka 2023 watu wa jumba lile, mkurugenzi wao akiwamo, walikuja Kenya na Tanzania kukaa na familia zilizohusika, na ng'ombe walitolewa kwa ajili ya suluhu kama desturi inavyodai. Tazama ilichukua miaka mingapi, na tazama kwamba mambo mazito yalimalizikia bomani.

Kwa sababu hiyo baba yako mdogo asikubali kubariki maonyesho yale. Baraka ya mzee mbele ya kamera itasomeka kama idhini, na yeye hakutumwa kutoa idhini. Waombeni aingie ghalani mapema kabla ya watu, bila mpiga picha, avione vitu hivyo akiwa na mama mtakayefuatana naye na wewe. Chukua namba ya kila kitu, mwaka kilipopokelewa na jina la aliyekipeleka kama yameandikwa, kwa kuwa karatasi hizo zitahitajika na wazee wa nyumbani kuliko hotuba yoyote. Aseme ghalani tu anachotaka kusema, au asiseme. Wajerumani wa leo wengi wako tayari kusikia. Rais wao Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea Novemba 2023 akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Msidhani mtawaudhi.

Lipo na suala la kutumwa, ambalo naona halijaguswa. Moringe ole Parkipuny alipozungumza Geneva mwaka 1989, katika kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuhutubia kikao kile. Alikuwa mbunge wa Ngorongoro wakati huo, na aliyoyasema juu ya ardhi na malisho yalikuwa yamezungumzwa kwanza chini ya miti ya kwetu. Laigwanani hukabidhiwa rungu jeusi na wenzake wa rika, na anaposimama nalo anasimama kwa niaba yao. Je, rika la Makaa limekaa likazungumza juu ya safari hii? Kama bado, likae, hata kama tiketi zimekwisha kukatwa. Litamwambia lipi aseme na lipi aliache, naye atakwenda akiwa mwepesi moyoni.

Niseme na hili, kwa kuwa linanigusa mimi binafsi. Nilikuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ilipofanya operesheni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na mafuta ya udongo mwekundu na wavae suruali, na mtu wa lubega alikuwa akiteremshwa kwenye basi. Nilimwona baba yangu ameshushwa, amesimama kando ya barabara na fimbo yake, basi likaondoka. Leo mzee wa umri huohuo anatumiwa tiketi ya ndege na kuombwa afike na lubega yake. Nafurahi kwa moyo wote. Ndiyo maana nataka aende kama mtu aliyetumwa, na apewe kiti.

Mwana wa Longido aliandika tena:

Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya baba mdogo, akaniambia niirudie tangu pale kwenye Oxford.

Rika lilikaa siku ya Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi ng'ombe waliporudi. Wamemruhusu aende, wamemwambia azungumze juu ya salamu, mifugo, malisho na usuluhishi, asiimbe nyimbo za Eunoto, na asitoe baraka yoyote katika jumba lile. Mama atakayekwenda amechaguliwa, ni dada wa mke wake, na amekwisha kuanza kununua shanga. Jumba la makumbusho limekubali tuingie ghalani peke yetu, saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya ufunguzi.

Baba mdogo ana ombi moja ambalo nimeshindwa kumjibu. Anataka kuingia ghalani akiwa ameshika majani mkononi, kama mtu anayekwenda mahali penye ugomvi kwa nia ya amani. Hataki yaliyokauka. Ameniuliza kama mwezi wa Septemba nyasi za Ujerumani bado ni mbichi. Aliyeko huko naomba anijulishe.

Mtanzania aishiye Leipzig alijibu:

Ni mbichi bado, na asubuhi huwa na umande mwingi. Ila za mjini hukatwa fupi sana kwa mashine, hazishikiki mkononi. Nje ya mji kuna malisho ya ng'ombe ambako zinaachwa zikarefuka. Niandikie faraghani tarehe na mji mtakaofikia. Nitaamka mapema nizing'oe mwenyewe na niwaletee mlangoni kabla ya saa mbili.